Jua ni Moja, Joto si Moja

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhan. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.)



 

 

Leo sikuja kuwahubiria juu ya moto wa Jahannam. Mawaidha hayo mmeyasikia, na mtayasikia tena kabla mwezi haujaisha. Nimekuja kuzungumza juu ya joto la hapa hapa Mombasa, la Digo Road na Marikiti na Kongowea, joto la saa nane mchana mtu akiwa na saumu yake. Mtasema, sasa hilo nalo ni la kuzungumzwa msikitini? Ngojeni kidogo.

Wale waliofunga Julai ya mwaka 2012 na 2013 wanakumbuka. Ilikuwa kusi, upepo wavuma, jioni wengine wakitafuta sweta. Lakini mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hivyo Ramadhan hurudi nyuma kidogo kidogo. Mwaka 2024 na 2025 ilituangukia zaidi Machi, na sasa inaelekea Februari, Januari mpaka Desemba. Yaani imeingia kwenye kaskazi na haitoki humo leo wala kesho. Na kila mtu wa pwani ajua mwisho wa kaskazi ulivyo: upepo umelala, bahari imetulia kama mafuta kwenye sahani, na fukuto limekaa juu ya mji halitaki kuondoka.

Sasa hebu niwaulize. Redio ikisema leo Mombasa ni nyuzi 32, hizo nyuzi 32 zimepimwa wapi? Si Digo Road. Si kwenye lami ya Kongowea. Kipimajoto cha watu wa hali ya hewa kimewekwa ndani ya sanduku jeupe lenye mianya ya kupitisha upepo, limesimamishwa juu ya nyasi, kimo cha kifua cha mtu au zaidi kidogo, na jua haliingii ndani. Hizo ni nyuzi za kivulini, ndugu zangu. Ni joto la mtu aliyebahatika. Wewe uliyesimama kwenye lami, jua likikupiga utosini na lami ikikurudishia kutoka chini, hesabu yako ni nyengine kabisa, na redio haiijui.

Kuna mhandisi mmoja wa Denmark, Povl Ole Fanger, alitoa kitabu mwaka 1970 akajaribu kuifanyia hesabu raha ya mtu na joto lake. Alitaja mambo sita: hewa yenyewe, mionzi ya jua na ya vitu vilivyopata moto kama ukuta na bati, unyevu, upepo, nguo ulizovaa, na kazi unayofanya. Hesabu yake aliifanya zaidi kwa watu waliokaa ndani ya majumba, na hata humo ndani alikiri kwamba ukipanga kila kitu sawasawa, katika watu 100 bado watakuwako kama 5 wa kulalamika. (Mwaona? Hata imamu anayezima na kuwasha feni za msikiti apate udhuru.)

Lakini chukua mambo hayo sita uyatoe nje, uyapeleke Marikiti saa nane mchana. Utakuta watu wanne wamesimama hatua kumi kutoka mmoja hadi mwengine, na kila mmoja yuko katika nchi yake ya joto.

Wa kwanza ni hamali wa mkokoteni. Mtu aliyeketi ametulia, mwili wake hutoa joto la kama wati 100, sawa na ile balbu ya zamani. Anayesukuma magunia ya viazi kupanda mlima hutoa mara tatu au mara nne ya hilo. Kwa hivyo hamali ana majua mawili, moja juu ya kichwa na moja ndani ya kifua. Njia yake ya kupoa ni jasho tu. Na jasho lina siri yake: halipozi kwa kutoka, hupoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa joto ambalo mtu aliyeketi hulitoa kwa zaidi ya masaa sita. Lakini hewa yetu ya pwani imeshiba maji. Jasho halikauki, linadondoka. Likidondoka chini limekupotezea maji na chumvi, na hukupata poo lolote. Nyuzi 32 za Garissa na nyuzi 32 za Mombasa si kitu kimoja, muulize yeyote aliyeishi kote kuwili.

Wa pili ni mzee wetu mwenye bakora, ametoka kuchukua dawa. Umri ukienda, mwili huchelewa kutoa jasho, na hata kiu hupungua. Mzee anaweza kuwa amekaukiwa na maji wala hahisi kiu. Wengi wao wanameza dawa za presha, na baadhi ya dawa hizo huondoa maji mwilini kwa mkojo. Ukimwuliza, "Babu, joto vipi?" atakwambia, "Aah, la kawaida tu mwanangu." Usimwamini. Mtafutie kiti.

Wa tatu ni mtoto anayeburutwa mkono na mamake. Sisi tunapima joto kwa kimo chetu. Yeye uso wake uko karibu na lami, na mwili wake mdogo hupata moto haraka kuliko wa mtu mzima. Huyo mama mwenyewe, kama ana mimba, amebeba joto la watu wawili, na sharia ikalijua hilo zamani ikampa ruhusa yake.

Wa nne ni kijana kama wewe na mimi, ameshuka sasa hivi kutoka gari lenye baridi ya mashine, kuna mwenzake ampigia simu ndani ya duka. Huyu ndiye atakayesema: "Joto la leo si mchezo, wallahi!" Na si mwongo. Mwili huzoea. Anayefanya kazi juani, baada ya wiki moja au mbili mwili wake hujifunza kutoa jasho mapema zaidi na kubana chumvi. Anayeishi ndani ya baridi ya mashine hajifunzi. Ndugu zetu wanaokuja kutoka Nairobi wiki ya Idd huwa hoi siku tatu za mwanzo, ilhali wenyeji wanatembea na kanzu zao wamenyooka. Lakini kuzoea kuna mwisho. Hamali aliyezoea bado ni nyama na damu, na kuzoea kwake kusiwe kisingizio chetu cha kumwacha pale.

Kuna jambo jengine nalipenda sana. Watafiti wawili, Marialena Nikolopoulou na Koen Steemers, waliwauliza watu waliokaa katika viwanja vya wazi vya Cambridge, Uingereza, huku wakipima hewa, jua na upepo papo hapo. Katika makala waliyoyatoa mwaka 2003 walisema vipimo vya vyombo vilieleza kama nusu tu ya yale watu waliyosema juu ya joto lao. Nusu nyengine ilikuwa ni mambo ya nafsi: mtu amezoea nini, alitarajia nini, atakaa hapo muda gani, na je, amekuja kwa hiari yake au amewekwa na dharura. Aliyekaa kwa kutaka huvumilia. Asiye na hila joto humwingia mpaka kwenye mfupa.

Nchi ile ni ya baridi na watu wake wana mambo yao, lakini hili la hiari nendeni mkalitazame hapa kwetu. Mzee anayekaa barazani Kibokoni baada ya Alasiri, upepo wa bahari wampitia kwapani, kikombe chake cha kahawa kinangoja Magharibi, akitaka huondoka akaingia ndani. Na yule mama anayeuza viazi karai kando ya barabara, karai ya mafuta mbele yake na jua nyuma yake, hawezi kuondoka kwa sababu futari ya watoto wake iko ndani ya karai ile. Joto la hewa ni lile lile. Watu wawili hawa hawako mahali pamoja.

Maadamu tumetaja baraza, tukae hapo kidogo. Wazee wetu waliojenga Mji wa Kale hawakuwa na vipimo, lakini walikuwa na akili. Vichochoro vyembamba, kuta nene za mawe ya matumbawe, roshani zinazotokeza juu ya njia. Jua la asubuhi linakingwa na nyumba za upande huu, la jioni na nyumba za upande ule. Na pale mlangoni mwenye nyumba akajenga benchi ya mawe, akaiacha nje kwa ajili ya watu. Huyo ametoa sehemu ya kivuli cha nyumba yake akampa mpita njia asiyemjua. Mtafiti Erik Johansson alipima mitaa ya Fes, kule Morocco, mji wa Waislamu wenzetu, akachapisha mwaka 2006. Alikuta kichochoro chembamba cha mji wa zamani wakati wa kiangazi kina upoo mchana kuliko mtaa mpana wa mji mpya kwa nyuzi 6 kwa wastani, na siku za joto kali zaidi tofauti ilifika nyuzi 10. Nyuzi 10, na hakuna mashine hata moja iliyowashwa!

Fes ni kukavu na sisi tuna fukuto, kwa hivyo kwetu kivuli peke yake hakitoshi, lazima na upepo upite. Kichochoro cha Mji wa Kale kinachoelekea baharini kina vyote viwili. Hizi nyumba zetu mpya, ukuta wa mita tatu, geti la chuma, na nje lami tupu mpaka mlangoni, hazina hiki wala kile. Anayepita nje ya ukuta ule hana pa kujikinga hata akitaka kufunga kamba ya kiatu chake.

Halafu kuna jambo la mahali petu hapa ambalo wengi hawalijui. Mombasa iko kusini ya ikweta kwa digrii 4, na kama tarehe 10 Machi jua hupita utosini kabisa. Siku hizo, adhuhuri inapoingia, kama saa sita u nusu, kivuli chako kiko chini ya miguu yako. Ukuta hauna kivuli. Nguzo haina kivuli. Kinachokinga saa hiyo ni kitu kilicho juu tu, yaani mti, turubai, roshani, paa. Kwa hivyo mtu akikwambia, "Wataegemea ukutani," mwambie atoke Machi saa saba akajaribu.

Sasa turudi kwa Mtume wetu (S.A.W.), mtu wa nchi ya joto, aliyejua jua ni nini.

Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume alikuwa akihutubu akamwona mtu amesimama juani. Akauliza habari zake. Akaambiwa huyo ni Abu Israil, ameweka nadhiri asimame asikae, asiingie kivulini, asizungumze, na afunge. Mtume akaamuru aambiwe azungumze, aingie kivulini, akae, na akamilishe saumu yake. Tazameni alivyochambua. Saumu ni ibada, akaibakisha. Kuungua na jua si ibada, akaiondoa. Wako vijana wanaodhani wakijitesa kwa joto saumu yao itanenepa. Huo si mwendo wa Mtume. Abu Daud amepokea kwamba Mtume mwenyewe alionekana akijimiminia maji kichwani naye amefunga, kwa sababu ya kiu au joto.

Na Abu Dharr (R.A.) anasimulia, nayo iko kwa Bukhari, kwamba walikuwa safarini na mwadhini akataka kuadhini Adhuhuri. Mtume akamwambia angoje kupoe. Akataka tena, akamwambia vilevile, mpaka wakaona vivuli vya vilima vimetokea. Swala, nguzo ya dini, ikasogezwa ndani ya wakati wake ili watu wasichomeke. Sasa sisi shughuli zetu ni zipi hizo ambazo haziwezi kusogezwa?

Na iko ile ya Anas (R.A.), kwa Bukhari na Muslim. Walikuwa safarini siku ya joto kali, wengine wamefunga na wengine hawakufunga. Vivuli vilikuwa haba, aliyekuwa na kivuli kizuri ni aliyekuwa na shuka yake, na wengine wakijikinga jua kwa viganja vya mikono. Waliofunga wakaanguka kwa uchovu. Wasiofunga wakainuka, wakasimamisha mahema, wakawanywesha wanyama. Mtume akasema hao wasiofunga ndio waliokwenda na thawabu za siku ile. Waliokwenda nazo ni waliowajengea wenzao kivuli.

Nimeyaleta haya kwa sababu ya ulimi wetu. Kila Ramadhan utasikia barazani: "Fulani yule wa mkokoteni namwona anakula mchana." Nani amesema hivyo? Mara nyingi ni mtu aliyeamka saa nne, akakaa dukani chini ya feni mpaka Alasiri. Wanazuoni wameeleza kwamba mwenye kazi nzito aianze siku kwa nia ya saumu, na akifika pa kuogopa madhara ya kweli ana ruhusa ya kufungua kisha ailipe siku ile. Urefu wa masala haya muulizeni sheikh wenu, mimi si wa kutoa fatwa. Nasema tu kwamba wewe hukuvaa mwili wake. Ukitaka kumsaidia asifike huko, mpunguzie mzigo, ama mlipe ujira ule ule afanye kazi alfajiri na jioni.

Na mjue dalili, hili ni la roho ya mtu. Ukimwona aliye juani ameanza kuzungumza maneno yasiyoeleweka, anayumba, hajui yuko wapi, na mwili wake una moto, huyo hana uchovu wa saumu tu. Huenda joto limempanda kichwani, na hilo huua. Mwingize kivulini, mlegeze nguo, mmiminie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, na apelekwe hospitali mara moja. Akiweza kumeza, anywe maji. Akiwa hana fahamu, usimtie kitu kinywani. Hakuna mjadala wa saumu hapo.

Tusisahau Hajj ya mwaka 2024. Juni ile, vipimo vya Masjidul Haram vilifika nyuzi 51.8. Serikali ya Saudia ikatangaza mahujaji 1,301 wamefariki, Allah awarehemu na awakubalie. Na ikasema asilimia 83 kati yao walikuwa hawana kibali cha Hajj, wakitembea masafa marefu juani bila ya hifadhi. La vibali tuliache, lina mlango wake. Nataka muone hili: jua la Makka siku ile liliwaka juu ya zaidi ya watu milioni moja na laki nane. Mwenye hema lenye kipoza hewa na basi la kumchukua alikuwa na jua hilo hilo. Wengi wa waliokufa walikuwa hawana paa.

Na kule kule mtaona mtu akitaka kuwakinga waja wa Allah huweza. Waliotufu wanajua, sakafu iliyozunguka Kaaba haikuunguzi miguu hata adhuhuri. Imetandikwa marumaru nyeupe kutoka kisiwa cha Thassos, Ugiriki, inayorudisha mwanga wa jua badala ya kuumeza. Madina, uwanja wa Msikiti wa Mtume una miavuli mikubwa 250 inayofunguka mchana. Hatuna pesa hizo, najua. Turubai tunalo.

Nimeulizwa na akina dada juu ya buibui jeusi, kwamba eti ndilo linalowachoma. Mwaka 1980 katika jarida la Nature, watafiti walieleza jaribio la nguo za Mabedui jangwani. Walikuta nguo nyeusi humeza joto zaidi ya nyeupe, ndiyo, lakini joto lile la ziada halikufika kwenye ngozi. Nguo ilikuwa pana, na hewa ikipita ndani yake ikaliondoa. Kwa hivyo upana ndio wenye kazi kubwa, na kitambaa pia. Buibui pana la kitambaa chepesi chenye kupumua si sawa na lile la kubana, la nailoni, na ndani yake nguo tatu. Jangwa ni kukavu na kwetu kuna unyevu, kwa hivyo nasi tuongeze tahadhari. Na nyinyi akina kaka msijifanye mabingwa wa kuzungumzia sitara huku mmechukua kila benchi lenye kivuli. Baraza ni ya wanaume, kivuli cha msikiti ni cha wanaume, na dada akingoja matatu Mwembe Tayari anangoja juani. Katika Surat al-Qasas, Nabii Musa (A.S.) aliwakuta wanawake wawili wamezuiliwa kando na mifugo yao kwa sababu ya msongamano wa wachungaji. Akawanywesheia kwanza, ndipo yeye akaenda zake kivulini. Utaratibu ni huo.

Sasa nifike pale nilipokuwa napataka tangu mwanzo, na wengine hamtafurahi.

Sisi vijana wa jumuiya katika mji huu hugawa vyakula vya futari. Unga, mchele, sukari, tende, mafuta. Ni kazi ya kheri, Allah aikubali. Lakini katazameni vinavyogawiwa. Tangazo linasema saa tatu. Akina mama wajane, wazee, wenye watoto mgongoni wanafika saa moja ili wasikose. Lori linakuja saa tano. Hotuba za wafadhili zinaanza saa sita. Mgeni mheshimiwa amekaa chini ya turubai na chupa za maji ziko mezani mbele yake, ndani ya Ramadhan, subhanallah! Na foleni iko nje ya turubai, kwenye uwanja mtupu, saa ile ambayo nimewaambia hata ukuta hauna kivuli. Mtu amefunga, amesimama masaa matano kwa kilo mbili za unga, na akianguka tunasema ni saumu imemshinda. Kisha tunapiga picha.

Wale hawana hiari, na wenye uwezo wa kuondoka hawamo katika foleni ile. Turubai la harusi hukodishwa kila mtaa, na kama pesa ni za turubai moja basi likae juu ya foleni, mgeni mheshimiwa asimame juani dakika zake kumi, atapata thawabu. Madrasa ziko tupu asubuhi nyingi za Ramadhan, zina paa na mikeka, watu wakae ndani waitwe kwa nambari. Kadi zigawiwe siku moja kabla, kila mtaa na saa yake, ili asiwepo wa kungoja zaidi ya nusu saa. Wakati uwe saa moja asubuhi ama baada ya Alasiri. Wazee na wagonjwa wasije kabisa, tuktuk moja na vijana wawili wawapelekee majumbani. Na hotuba zisomwe Ijumaa.

Limebaki la miti. Mji huu una mitaa iliyoitwa kwa miti yake, Mwembe Tayari, Mwembe Kuku. Tazameni leo miembe iliyobaki. Utasikia kamati ikisema mwarubaini ukatwe kwa sababu majani yanaziba mfereji, ama nafasi inatakiwa ya kuegesha magari. Abu Daud ana hadithi ya onyo kali kwa mwenye kukata mkunazi, na mwenyewe akaieleza kwamba makusudio ni mti ulio nyikani ambao wasafiri na wanyama hupata kivuli chake, mtu akaukata kwa dhulma bila ya haki. Na katika Sahihi Muslim imo laana ya mwenye kujisaidia njiani mwa watu ama kivulini mwao. Anayemwaga taka chini ya mti wa mtaa na ajipime hapo.

Masika yanakuja nyuma ya Ramadhan hii, na huo ndio wakati wa kupanda. Mwarubaini na mkungu huvumilia chumvi na ukame wetu. Panda upande wanaosimama watu, si upande wa picha. Zungushia miba ama waya, mbuzi wa mtaani hawana saumu. Ardhi ikiwa ya kaunti, ombeni ruhusa kwa maandishi. Na miaka miwili ya mwanzo mche hutaka maji kila siku ya kiangazi, hapo ndipo miche mingi hufa na watu wakalaumu udongo. Msikiti una maji ya udhu yanayomwagika mara tano kwa siku na kwenda shimoni. Fundi bomba mmoja na mpira wa mita chache utayafikisha kwenye shina. Atakayejitolea mpira anione baada ya swala.